Jinsi Roma Ilivyopanda Nyanda za Juu Kusini

Wajukuu zangu wa Iringa, na ninyi wa Mbeya na Rungwe, sogeeni karibu na moto, baridi ya Julai haina adabu, kisha mniambie: nani kati yenu ana kaka au dada aliyemaliza kidato cha nne? Huyo anasoma Kirumi, hata kama hajawahi kuambiwa.

Matokeo yakitoka, kila mtu hutafuta jambo moja tu: amepata divisheni ngapi. Baraza la Mitihani linaandika I, II, III au IV, alama zilezile ambazo Warumi walizichonga kwenye mawe ya majengo yao miaka 2,000 iliyopita. Kijiti kimoja ni moja, viwili ni mbili, V ni tano, na kijiti kikikaa kushoto kwa V kinaipunguza iwe nne. Lakini yule aliyeanguka kabisa huandikiwa 0, na hapo Baraza linakuwa limetoka nje ya Roma, maana Warumi hawakuwa na sifuri. Sifuri ilitoka Uhindi, Waarabu wakaipokea, Wazungu wakaipata kwao. Kwa hiyo mtoto wa Kirumi hata angekuwa mvivu namna gani, divisheni ziro asingeipata. Ila hesabu zenyewe zilikuwa adhabu. Chukua XLVIII uzidishe kwa XXIX kwenye karatasi, uone kama utamaliza kabla ugali haujaiva. Wenyewe walikuwa na ubao wenye mifereji, wanasogeza vikokoto huku na huku mpaka jibu linapatikana.

Sasa, hakuna habari ya askari wa Kirumi hata mmoja kukanyaga Iringa wala Mbeya. Hawakujenga barabara Makambako, hawakusimamisha hekalu Tukuyu. Vitu vyao vilitufikia kama koti la mtumba pale sokoni Mwanjelwa: mmoja amelivaa, likapita kwa wa pili, likafungwa kwenye robota, likashuka bandarini, na anayelinunua haijui tena sura ya aliyelishona. Hadithi ya leo ni ya hao waliolivaa katikati. Na mtaona kwamba Warumi wenyewe mengi waliyapata yakiwa yameshavaliwa.

Walikuwa nani? Watu wa mji mmoja kando ya mto Tiber, huko Italia. Wenyewe walihesabu kwamba mji wao ulianzishwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Mwanzoni walikuwa na wafalme, wakawafukuza, wakaweka baraza la wazee na viongozi wa kuchaguliwa kila mwaka. Baadaye wakapigana wao kwa wao miaka mingi, mpaka mtu mmoja, Augusto, akashika kila kitu mwaka 27 KK. Ilipofika 117 BK dola lao lilianzia Uingereza hadi Iraki ya leo, na Bahari ya Mediterania ilizungukwa na nchi zao pande zote. Magharibi dola lilianguka mwaka 476. Mashariki, kule Konstantinopoli, lilidumu hadi 1453. Mengine mtayasoma shuleni. Mimi nataka mkumbuke mwaka mmoja tu, 30 KK, walipoitwaa Misri. Misri ina bandari kwenye Bahari ya Shamu, na Bahari ya Shamu ina mlango wa kuja kwetu.

Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeishi chini ya utawala wa Roma na kuandika kwa Kigiriki, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Jina lake halikubaki. Kitabu kimebaki, kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Humo anaieleza pwani yetu, anaiita Azania, kituo baada ya kituo, mpaka soko la mwisho analoliita Rhapta. Anataja mashua zilizoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Anasema wenyeji ni watu wa miili mikubwa, na kila mahali pana mkuu wake. Meli ziliwaletea mikuki iliyotengenezwa Muza, kule Yemen, pamoja na mashoka, visu na vitu vya kioo. Zilileta pia mvinyo na ngano, na hapa mwandishi anafafanua vizuri kabisa: hivi si vya kuuza, ni vya kuwapa wenyeji ili wawe marafiki. Ujanja huo hata wagombea wetu wa leo wanaujua.

Wakati wa kurudi meli zilipakia pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Halafu yule bwana anaongeza, bila haya, kwamba pembe za Azania si nzuri kama za Adulis, bandari iliyokuwa Eritrea ya leo. Mnunuzi ni mnunuzi. Hata miaka 2,000 iliyopita alikuwa anaichafua mali ya mwenzake ili bei ishuke.

Rhapta ilikuwa wapi? Wengi wanaoitafuta huelekeza macho kwenye mdomo wa Mto Rufiji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pande hizo za Rufiji akapata shanga za kioo za zama za Warumi, na mwaka 1999 akawatangazia wasomi wa dunia. Sasa fuateni maji, wajukuu. Ruaha Mdogo unapita chini ya mji wa Iringa. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya Usangu, upande wa Mbeya, pamoja na mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere. Inaungana, inapita Mtera na Kidatu, inaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga yote baharini, pande zilezile shanga zilipofukuliwa. Tembo wa bonde la Ruaha mnawajua; hifadhi yao iko nyuma ya mji wa Iringa. Sisemi kwamba ndovu fulani wa Pawaga aliishia kuwa mguu wa kitanda cha tajiri wa Roma. Nasema njia ya maji ilikuwepo, njia ya miguu ilikuwepo, soko lilikuwepo, na pembe haitembei yenyewe.

Na kwa kuwa tumetaja wanyama, niwaambie jambo ambalo vitabu vingine hulipitia mbio. Warumi walipenda kuona damu. Mwaka 80 BK walipozindua Colosseum, uwanja wao mkubwa wa mawe, michezo iliendelea siku 100, na mwanahistoria wao Cassius Dio anasema wanyama waliouawa walifika 9,000. Simba, chui, tembo, wote walisombwa kutoka mbali ili wachomwe mikuki watu wakishangilia. Watu nao waliuana humo, wengi wao mateka na watumwa. Mashamba yao yalilimwa na watumwa, migodi yao ilichimbwa na watumwa, hata walimu wa watoto wao mara nyingi walikuwa watumwa. Mtu akiwasifia Roma kwa mabomba ya maji na barabara zilizonyooka, msikilizeni, ni kweli, lakini muulizeni nani alibeba mawe.

Tuje kwenye herufi. Chukueni kaa la moto lililozimika, mwandike chini: IRINGA. Mchonga mawe wa Roma angeyachonga hayo bila kubadilisha herufi hata moja. MBEYA pia angeiweza, ila ile Y walikuwa wameikopa kwa Wagiriki katika karne ya kwanza KK, wakaisukuma mwisho wa mstari pamoja na Z, na mpaka leo ziko hukohuko mwisho. Tukuyu ingemsumbua kidogo. U yao ilikuwa na umbo la V, kwa hiyo angeandika TVKVYV. Njombe angeiandika NIOMBE, maana J ilikuwa bado haijatenganishwa na I. Na Mkwawa, chifu wa Wahehe, je? W hawakuwa nayo kabisa. Angechonga MKVAVA, na Mhehe yeyote angecheka.

Lakini msidhani walizibuni wenyewe. Warumi walizipata kwa Waetruski, majirani zao wa Italia. Waetruski kwa Wagiriki. Wagiriki kwa Wafoinike wa Lebanoni. Na nyuma ya Wafoinike walikuwepo watu wa jangwa la Sinai waliotazama michoro ya Wamisri wakajifanyia alama zao. Andikeni A, kisha mgeuze kichwa chini miguu juu. Mnaona pembe mbili? Ni kichwa cha ng'ombe. Kila mtoto wa Usangu anayeandika herufi ya kwanza ya daftari lake anachora ng'ombe aliyelala chali, mchoro uliotoka Afrika, ukazunguka Bahari ya Mediterania yote, ukarudi Afrika mikononi mwa watu wengine. Pwani, Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hapo. Hizi za Kirumi zilipanda huku juu na wamisionari na serikali ya Wajerumani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo, mashariki ya Iringa, ukatokea mkutano wa namna nyingine.

Kwanza turudi Ulaya. Mwaka wa 9 BK jenerali wa Kirumi aitwaye Varus alikuwa akivuka msitu wa Ujerumani na majeshi matatu kamili. Njia ilikuwa nyembamba, askari wakawa msururu mrefu usioona mwisho wake. Kijana wa Kijerumani, Arminius, alikuwa amelitumikia jeshi la Roma na kuzijua mbinu zake zote. Aliwangoja msituni. Watu wake wakatokea ubavuni, wakaukatakata ule msururu vipande vipande, na Varus alipoona mambo yameharibika akajiua. Warumi hawakuitawala tena sehemu kubwa ya Ujerumani. Wajerumani wakalikumbuka jambo hilo kwa fahari isiyo na kifani, hata mwaka 1875 wakakamilisha sanamu kubwa mno ya Arminius juu ya kilima, upanga wake ukiwa umeinuliwa angani.

Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski alikuwa akiongoza jeshi lake kuingia Uhehe. Watu walimwita Nyundo. Njia ilikuwa nyembamba, msururu ukawa mrefu. Pale Lugalo, askari wa Mkwawa walikuwa wamejificha kwenye vichaka na mawe. Walitokea ubavuni, karibu kiasi kwamba bunduki hazikupata nafasi ya kufanya kazi yake, mkuki ukafanya kazi. Nyundo aliuawa. Wazungu kumi walikufa pamoja na askari na wapagazi zaidi ya 200. Watu waliojenga sanamu ya Arminius walikuja Uhehe kucheza sehemu ya Varus, na sijui kama hata mmoja wao alilitambua hilo wakati huo.

Mkubwa wao kule Berlin alikuwa Wilhelm, na cheo chake kilikuwa Kaisari, kilekile mnachokisikia kwenye Biblia, ambacho asili yake ni jina la Mrumi Julius Caesar. Kaisari hakusahau Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga iliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana miaka minne mingine, na tarehe 19 Julai 1898, alipozidiwa, akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Julius Caesar naye aliwahi kufanya la jinsi hiyo. Chifu Vercingetorix wa Ufaransa ya leo, aliyemsumbua sana, alijisalimisha mwaka 52 KK. Caesar akamweka gerezani miaka sita, akamtembeza mitaani Roma siku ya sherehe za ushindi, kisha akauawa. Sisi tulipata nafuu kidogo tu: fuvu la Mkwawa lilitajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likaendelea kukawia, na hatimaye Gavana Edward Twining akalirudisha mwaka 1954. Liko makumbusho ya Kalenga. Kama hamjakwenda, mwombeni mwalimu wenu awapeleke.

Haya, tuwaache wapiganaji. Ninyi wa Rungwe, hii ni yenu.

Mmeyaona mawe yale mepesi yaliyojaa vitundu, rangi yake kijivu au karibu na nyeupe, ambayo ukilitupa moja kwenye ndoo ya maji linaelea? Mkipata mahali pande za Rungwe ambapo udongo umekatwa, tazameni vizuri, mtaliona tabaka lake. Kama miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka. Moto ulirusha povu la mawe juu sana angani, likaganda huko, likarudi chini kama mvua ya kokoto. Wanasayansi waliopima tabaka hilo wamegundua hata hali ya hewa ya siku ile: upepo ulikuwa umetulia, kwa sababu kokoto zilianguka kuuzunguka mlima pande zote karibu sawasawa, hazikusukumwa upande mmoja. Mlipuko wa namna hiyo wanauita wa Plini. Na Plini alikuwa kijana wa Kirumi.

Mwaka 79 BK Plini alikuwa na miaka 17, umri wa kidato cha nne, akikaa na mama yake nyumbani kwa mjomba, ng'ambo ya ghuba kutoka Mlima Vesuvius. Mchana mmoja mama akaona wingu la ajabu. Plini alilitazama kwa makini akaona lina shina refu lililosimama wima, kisha juu linatawanya matawi, mfano wa msonobari wa kwao. Mjomba, ambaye naye aliitwa Plini, alikuwa mkuu wa meli za kivita na msomi aliyeandika vitabu 37 juu ya kila kitu kilichopo duniani. Akaamuru meli ziende kuwaokoa watu waliokuwa chini ya mlima, naye akaenda nazo. Hakurudi. Kijana alibaki na vitabu vyake vya shule, maana alikuwa na kazi ya kumaliza, na siku iliyofuata akamshika mama mkono wakakimbia gizani, majivu yakiwaangukia. Baada ya miaka mingi rafiki yake Tacitus, mwandishi wa historia, alimwomba amweleze mambo hayo, naye akamwandikia barua mbili. Aliandika alichokiona, kwa mpangilio, bila chumvi nyingi. Ndiyo maana mlima ukilipuka kwa shina refu la moshi na majivu, iwe Ufilipino au Rungwe, wataalamu hulitaja jina la kijana yule.

Miji miwili, Pompeii na Herculaneum, ilifukiwa. Ilipofukuliwa baada ya karne nyingi, watu walikuta mikate bado imo ndani ya tanuri, ya duara, imetiwa alama za kugawa vipande vinane, imeungua ikawa mkaa lakini umbo lake halijapotea. Walikuta maandishi ya kampeni za uchaguzi ukutani, fulani anamwomba fulani kura.

Hebu rudini kwenye lile jiwe linaloelea. Warumi waligundua kwamba majivu ya volkano yakichanganywa na chokaa na maji hushika vikali kuliko chokaa peke yake, hata chini ya maji ya bahari. Majivu yenyewe waliyachimba karibu na mji wa Pozzuoli, ndiyo maana mafundi na wataalamu huyaita pozolana. Kwa mchanganyiko huo walijenga bandari, madaraja na mahekalu. Hekalu lao la Pantheon, lililokamilika karibu mwaka 126, lina kuba la zege lenye upana wa meta 43, bila nondo hata moja, na halijashindwa na kuba lolote la zege lisilo na nondo mpaka leo. Siri yao moja ni hii: chini walitia kokoto nzito, na kila walivyopanda juu walitia nyepesi zaidi, na kule kileleni wakatia mawe yenye vitundu, ndugu wa yale ya Rungwe. Viwanda vya saruji bado huchanganya pozolana, na Mbeya ni kati ya mikoa ya Tanzania ambako inapatikana ardhini. Kwa hiyo watu wa Rungwe mmekalia mali ya Pantheon, ila ninyi mmeipanda migomba na chai, na kwa maoni yangu hamkukosea.

Tosamaganga nisipoitaja wazee wa Iringa watanifuata. Misheni ile iliyo jirani na mji ilianzishwa na Wabenediktini wa Ujerumani miaka ya 1890. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani waliondolewa, wakaja Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901. Turin ni mji uliozaliwa na Warumi, lango lao la matofali bado limesimama katikati ya mji. Hivyo walipoanza kufyatua matofali na kujenga matao huku Uhehe, walikuwa wanarudia walichokiona tangu wakiwa watoto. Tao ni kitu cha ajabu, ukilitazama linavyojengwa. Fundi anaweka kwanza fremu ya mbao yenye mgongo wa duara. Anapanga matofali kutoka pande zote mbili yakipanda kukutana, na la katikati analisukuma kwa nguvu libane. Kisha anatoa mbao. Kila tofali linataka kuanguka, jirani zake wanalizuia, na uzito wote unateremka ukutani pembeni. Warumi hawakulivumbua tao. Watu wa Mesopotamia walikuwa nalo zamani. Wao walilifanya kila mahali, kwenye madaraja, kwenye mifereji ya maji, kwenye Colosseum yenyewe.

Misa za Tosamaganga zilisomwa kwa Kilatini, lugha ya Warumi, mpaka mabadiliko yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965. Watoto wa altareni walikariri majibu ya Kilatini bila kujua maana, na walikuwa mafundi kwelikweli wa kukariri. Lakini walioijenga lugha hiyo ya Kanisa hawakuwa Waitalia peke yao. Augustino, ambaye vitabu vyake vilisomwa Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 1,000, alizaliwa mwaka 354 katika mji ulioko Algeria ya leo, akafa askofu wa Hippo, hukohuko Algeria. Mwafrika, raia wa Roma. Chuo Kikuu cha Katoliki Ruaha, pale Iringa, kilianza mwaka 2005 kikiwa chuo kishiriki cha chuo kikuu chenye jina la Augustino huyo.

Kalenda nayo ilipita njia hiyohiyo. Miaka ya Warumi ilikuwa imevurugika hata sherehe za mavuno zikawa haziendani na mavuno. Julius Caesar akamtafuta mtaalamu, naye akatoka Afrika: Sosigenes wa Aleksandria, Misri. Ili kuweka mambo sawa, mwaka 46 KK ulirefushwa ukawa wa siku 445. Fikirieni ada ya mwaka huo. Julai ina jina la Caesar, Agosti ina jina la Augusto aliyemfuata. Papa Gregori wa 13 akairekebisha kidogo mwaka 1582, na hiyo ndiyo inayoning'inia ukutani dukani. Mkienda Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mnakwenda kwenye mwezi wa Augusto kumtazama ng'ombe wa maziwa, na Augusto hana habari.

Nimewabakizia mnyama mmoja. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakisimulia habari za nyani wa msituni, mwenye manyoya marefu ya kahawia, kishungi kimesimama kichwani, na mlio mzito unaosikika mbali. Wanasayansi hawakumjua. Mwaka 2003 watafiti wakamwona mlimani Rungwe, kisha wengine, bila kujua habari za wenzao, wakakutana naye misitu ya Ndundulu, Milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mbeya na Iringa, nyumba mbili za mnyama mmoja, na katikati yake hayupo. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia, na mwaka 2006 ikaonekana hafanani na nyani wowote waliokwisha kuandikwa, akapewa ukoo wake mwenyewe. Ukoo mpya wa nyani barani Afrika ulikuwa haujatangazwa tangu 1923.

Kanuni ya sayansi inasema kila kiumbe aandikwe kwa majina mawili, ya ukoo na ya kwake, kwa utaratibu wa Kilatini, lugha ambayo hakuna mtoto anayelelewa nayo tena. Wakamwandika Rungwecebus kipunji. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakuta kama 1,100 tu, wengi wao Rungwe na misitu ya Kitulo, wachache Ndundulu. Watafiti walikuwa na kanuni, walikuwa na darubini na kamera, lakini nusu ya pili ya jina walilazimika kuwauliza wawindaji.